Usiififishe picha, ifunike: maongezi na vijana wa grafiki Mwanza

Haya jamani mliosimama mlangoni sogeeni, viti vipo huku mbele. Ukipita Makoroboi ukaenda mpaka Kirumba angalia mabango, posta za harusi, za mkesha, za saluni, nyingi zina ugonjwa mmoja, picha imepauka. Fundi kaweka picha ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, kaandika maneno meupe juu yake, hayasomeki maana mawingu na maji vinang'aa, basi anashika slaida ya opasiti, ile ya kupima picha inaziba kiasi gani kilicho chini yake, anaishusha mpaka asilimia 40. Sasa chini ya picha kuna nini? Leya, yaani tabaka, nyeupe! Ukishusha opasiti huongezi giza, unaruhusu cha chini kipite, na cha chini ni cheupe, kwa hiyo umeongeza weupe nyuma ya maneno meupe halafu unamlaumu mwenye printa. (kicheko)

Mi nasema picha iacheni kwenye 100. Fungua leya mpya kati ya picha na maneno, imwagie nyeusi, hiyo ndo uishushe 50 au 45 hivi, jicho lako ndo litaamua. Na usifunike picha nzima kama hakuna haja, weka gradienti, nyeusi ianzie kwenye maneno iishie hewani, jiwe libaki na rangi zake. Programu ya Photoshop inakubali, GIMP nayo inakubali na ni ya bure, sijui kwa nini watu wanahangaika na za wizi zenye virusi.

Kuna dada kauliza, leya mbili za 50 zikipandana si inakuwa 100? Hapana dada. Chukulia vyandarua viwili, cha kwanza kinapitisha nusu ya mwanga, cha pili kinapitisha nusu ya ile nusu, bado robo inapita, kwa hiyo umefunika 75. Ya tatu inakufikisha 87 na nusu. Hesabu hii wataalamu wa grafiki za kompyuta, Thomas Porter na Tom Duff, waliiandika mwaka 1984, Photoshop ikaja kupata leya 1994.

Humo kwenye Photoshop kuna slaida mbili, opasiti na fili, watu hawaigusi ya pili. Opasiti inashusha kila kitu, kivuli na stroku, yaani mstari wa pembeni, vinafifia pamoja na herufi. Fili inashusha herufi tu, ukiipeleka 0 unabaki na ule mstari wa pembeni, wapiga picha hapo mmepata wotamaki, alama yenu ya kuweka juu ya picha. Ukiwa kwenye zana ya muvu, ile ya kusogeza vitu, bonyeza 5 opasiti inaenda 50, bonyeza 0 inarudi 100, ukishika shifti unabadilisha fili. Slaida ikigoma cheki bakigraundi, ile leya ya chini kabisa, ina kufuli.

Mwisho sevu faili la aina ya PNG, la JPEG haliwezi kubaki na sehemu zenye uwazi, na logo ukiituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha uwazi unapotea mteja anapokea boksi. Haya washeni mashine, flashi yenye mafaili inazunguka, anzeni na picha ya feri.