Vumbi Jeupe la Rongelap: Mionzi Iliyopitia Kinywani

Ndugu wasikilizaji, aliyewahi kuona tanuu ya chokaa pwani kwetu anajua kuwa matumbawe yakichomwa hutoa unga mweupe. Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni, Bravo, huko Bikini katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Walitarajia nguvu ya megatani 6 hivi, yaani sawa na tani milioni 6 za baruti ya TNT, zikatoka 15. Matumbawe yakasagika, yakapaa pamoja na mabaki ya bomu, na upepo wa juu ukayasukuma mashariki.

Kisiwa cha Rongelap kiko zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo. Saa chache baadaye unga ule uliwaangukia watu 64. Watoto waliuchezea. Uliganda kwenye ngozi yenye jasho na nywele zilizopakwa mafuta ya nazi, ukaingia kwenye matangi ya maji ya mvua na kwenye vyakula. Watu waliondolewa tarehe 3, baada ya saa kama 50.

Kwanza walitapika na kuwashwa. Baada ya wiki mbili hivi vikatokea vidonda vya kuungua shingoni, kichwani na miguuni, nywele zikanyonyoka, na chembe nyeupe za damu zikapungua. Kisha vidonda vikapona, nywele zikaota. Hapo ndipo wengi walipodhani mambo yamekwisha.

Madhara yenyewe yalikuwa shingoni. Tezi ya thiroidi hunyonya madini joto, yaani iodini, na haiwezi kutofautisha yaliyo salama na yenye mionzi. Tezi ya mtoto wa mwaka mmoja ina gramu 2 hivi, ya mtu mzima karibu 20, kwa hiyo tonge lilelile humwunguza mtoto mara nyingi zaidi. Mtoto wa umri huo alikadiriwa kupata takriban rad 5,000 (rad ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa mwilini) kwenye tezi. Uvimbe wa kwanza uligunduliwa mwaka 1963, miaka 9 baadaye. Wengi wa waliokuwa chini ya miaka 10 walikuja kupata matatizo ya tezi, na wavulana wawili walidumaa vibaya.

Naomba mlishike hili, maana liliwapotosha wataalamu kwa miaka. Ili kukadiria dozi ya mionzi waliyopata, mkojo wao ulipimwa zaidi ya wiki mbili baada ya mlipuko. Iodini-131, inayopungua nusu kila siku 8, bado ilionekana. Iodini-133, ya saa 21, na iodini-135, ya saa 7 hivi, zilikwisha kutoweka, nazo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya dozi. Hesabu ikatoka ndogo kuliko ukweli.

Walirudishwa mwaka 1957, wakahama tena mwaka 1985. Udongo wa matumbawe hauna mfinyanzi wa kuishika sesiamu-137, mabaki ya bomu yenye mionzi, na potasiamu ni haba, basi mnazi, mkadi na mshelisheli huifyonza sesiamu badala ya potasiamu. Kukwangua udongo kisiwa kizima kungeondoa rutuba yote. Kilichofaa ni kukwangua kuzunguka nyumba tu na kumwaga kokoto safi za matumbawe, kisha kuweka mbolea ya potasiamu mashambani. Sesiamu ndani ya nazi hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi, ila mbolea hiyo lazima irudiwe baada ya miaka kadhaa.