Andika Vile Mtoto Alisema

Asanteni wazazi, kaeni tu, na wale wako huko nje kwa veranda ingieni kuna viti huku mbele. Wengine wenu mmenisikia nikiongea haya mambo ya kuandika maneno ya mtoto kwa daftari kila mwaka hapa Kisumu mpaka mnaweza kunimalizia sentensi, lakini nitarudia, kwa sababu kila nikiuliza ni nani ako na daftari ya mtoto kwa nyumba naona mikono miwili mitatu basi.

Shida ni hii. Ile bathdei ya miaka 3 ulimfanyia, ile siku mlienda Dunga hapo ziwani mkala samaki akalia kwa kuogopa kiboko wa majini, mtoto wako atasahau. Si ati pengine. Kule Marekani watafiti wa kumbukumbu, Patricia Bauer na Marina Larkina, walirekodi watoto wa miaka 3 wakiongea na wazazi juu ya mambo yaliyowapata, halafu wakawauliza tena wakiwa wamekua. Walioulizwa wakiwa na miaka 5 mpaka 7 walikumbuka zaidi ya asilimia 60. Wa miaka 8 na 9 hawakufika hata asilimia 40. Yaani akiwa gredi ya 1 bado anayo, akifika gredi ya 4 nyingi imeshaenda, na wewe umekaa tu ukidhani ataibeba milele.

Halafu mzazi ananiambia, "Mwalimu, si niko na picha kwa simu?" Hapo ndio mimi hukasirika. Simu gani? Hiyo itaibiwa kwa steji, ama memori ijae uanze kufuta? Na hata ikibaki, picha itakuonyesha sweta na keki. Haitakwambia mtoto alikuwa anawaza nini.

Kwetu daftari tunaijaza tarehe 26 Disemba, ushago, chakula ikiisha na watu bado wamekaa. Kila mtoto anaulizwa maswali yale yale kila mwaka: rafiki yako ni nani, unaogopa nini, ukikuwa mkubwa utafanya kazi gani, mwaka huu ni nini ilikufurahisha. Naandika vile amesema, sirekebishi hata kidogo. Kijana wangu akiwa na miaka 5 alisema atakuwa makanga, yaani kondakta, wa gari za Kondele, kwa sababu makanga anajua watu wote. Shangazi yake akaona aibu, akaniambia niandike rubani. Nikakataa, kwani ni shangazi ndiye aliulizwa? Mwaka uliofuata ikawa fundi wa mashua, alikuwa ameona moja ikipakwa rangi huko Dunga. Hiyo ukurasa mpaka leo iko na mafuta ya chapati kwa kona na jina lake ameandika mwenyewe, S imeangalia nyuma. Sasa ako sekondari na ndiye wa kwanza kuitisha isomwe, na ikisomwa dada yake anarukia, "si hiyo ndio siku gari ilituharibikia Ahero?", mjomba anaongeza yake, na hapo stori inaenda mpaka usiku. Hiyo kuongea ndio dawa, daftari ni ya kuianzisha tu.

Najua kuna mtu anasema moyoni ati hiyo si kumbukumbu ya mtoto, ni ya kuambiwa. Sawa. Lakini maneno ni yake, yaliandikwa siku hiyo hiyo kabla mtu hajaongeza chumvi. Wewe ukishamwambia miaka kumi baadaye "ulikuwa mtoto mzuri tu," umempa nini?

Na msiniambie hii ni mambo ya wazungu! Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya, watoto wanalala huko wakisikiza sigana, yaani hadithi, jioni baada ya jioni. Wabukusu mpaka leo tohara ni Agosti, kila baada ya miaka miwili, na rika ziko na majina, Maina, Chuma, Sawa, zinazunguka na kurudi, kwa hivyo mzee anajua ni nani alikuwa wapi lini. Hata Wamaori wa New Zealand, ambao kwao stori za familia ni kitu kikubwa, watafiti walikuta kumbukumbu zao za kwanza kwa wastani zinaanzia kabla ya miaka 3, mapema kuliko za wenzao wa asili ya Ulaya. Sisi tulikuwa na hii kitu tukaiacha tukanunua bando.

Sasa kuuliza. Usimuulize "ulifurahia?" atasema ndio akimbie kucheza. Muulize ni nani alikuwa amekaa karibu na yeye, ni nini ilinukia, halafu nyamaza umngoje. Akikosea usimkatize.

Nilitaka kuongea juu ya kurekodi sauti ya nyanya, na pia juu ya watoto ambao baba ako mbali, lakini naona mwenyekiti anashika saa. Kwa haraka: mtoto hajaanza kuongea, chora mkono wake kwa karatasi uandike tarehe. Nunua kauntabuku ya kwaya 2, andika na biro, si penseli, na uweke kwa sanduku ya bati, mchwa wa huku hawana huruma. Usingoje Disemba, anza hata Pasaka. Haya, maswali, mama wa leso ya kijani ulikuwa wa kwanza kuinua mkono.