Kumchukia Mtu Si Kumsimamia

Maofisa wa probesheni, nyie mnaowasimamia waliohukumiwa kwa makosa ya ngono wakiwa nje ya gereza: nyie wa mbele mnaotabasamu, mmeshajua nakwenda kwenye kisa cha Miami, Marekani. Naam, nakwenda.

Mwaka 2005 kaunti ya Miami-Dade ilipitisha amri: aliyehukumiwa kwa kosa la ngono dhidi ya mtoto asiishi ndani ya futi 2,500 za shule, yaani mita 760 hivi. Hebu chukueni ramani ya jiji lolote, mchore duara la ukubwa huo kuzunguka kila shule, kisha mnionyeshe pa kupanga chumba. Wale watu waliishia chini ya daraja la Julia Tuttle, kwenye mahema na vibanda, na kambi ile haikuondolewa mpaka 2010. Maofisa wa probesheni walikwenda pale usiku kuhakikisha kila mtu yuko "nyumbani". Yupo? Yupo. Wanaweka alama, wanaondoka. Amri imetekelezwa barabara! Lakini mtu asiye na anwani, kazi wala ndugu wa karibu, ofisa amemsimamia nini hapo?

Kuna anayenong'ona kwamba namtetea mbakaji. Sivyo, bwana. Namtetea mtoto, na mtoto mara nyingi huumizwa na mtu anayemjua: mjomba, jirani, mwalimu wa michezo. Duara la shule linampima nani kati ya hao?

Sasa tuje kwenu. Ukimkaribisha mtu ofisini kwa uso wa kichefuchefu, atajifunza upesi majibu unayoyapenda. Hatakwambia kwamba binamu yake amempa chumba kwenye nyumba yenye watoto, na hiyo ndiyo habari pekee uliyoihitaji wiki hiyo. Uwe mkali, sikatai, ila akuogope kwa kiasi cha kuweza bado kukwambia ukweli.

Mengine haraka haraka. Wenzetu wengi huapa kwamba hawa wote hurudia. Watafiti Hanson na Bussière, mwaka 1998, walikusanya tafiti 61: waliojulikana kurudia kosa la ngono ndani ya miaka minne hadi mitano walikuwa takriban asilimia 13. Najua, mengi hayaripotiwi, kwa hiyo msiichukulie kuwa idadi kamili. Lakini "wote" ni mbali sana na hapo. Na yule anayekana kosa lake, ambaye mnamwandikia "hatari sana"? Katika tafiti hizo hizo, kukana peke yake hakukutabiri kurudia.

Vikundi vya raia wa kujitolea wanaomsaidia na kumwangalia mtu wa aina hii akitoka gerezani, vilivyoanzia Ontario, Kanada, mwaka 1994, nilivitengea kurasa mbili. Mwenyekiti ameshasimama, basi ziacheni.