Mesa Verde: hawakupotea, walihama

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Sogeeni mbele, viti vipo.

Mesa Verde ni hifadhi Marekani yenye nyumba za kale za mawe ambazo Wapueblo walijenga ndani ya magenge ya mwamba, na stori ya mtaani ni kwamba watu hao walipotea tu. Iko Colorado, kule kona ya kusini magharibi, na ni juu kweli, mita 2,100 mpaka 2,600 hivi, usipokunywa maji kichwa kinakuuma kabla hujaona kitu. Mi nilianza na Balcony House, moja ya nyumba hizo, kwa ujinga tu maana sikusoma maelezo. Unapanda ngazi ya mbao karibu mita 10, nyuma yako ni korongo, afu baadaye unatambaa kwenye kanjia ka mita 3 na nusu ambako upana wake hata nusu mita haufiki, na mnaniona nilivyo. (Kicheko.) Renja, yaani askari wa hifadhi, ananiambia vuta pumzi mzee, watu wamejipanga nyuma yangu. Ila Wapueblo wenyewe hawakuwa na ngazi hizo za serikali, walichonga vishimo kwenye mwamba vya kutia vidole vya mikono na miguu, wanapanda hivyo kwenda shamba juu, mahindi, maharage, maboga, na bata mzinga walifuga.

Mtu anauliza kwa nini ujenge ndani ya genge la mwamba. Sababu zilikuwa zaidi ya moja lakini we angalia maji kwanza. Mvua na theluji inazama kwenye mwamba wa mchanga, inashuka mpaka inakuta tabaka lisilopitisha maji, inatokea pembeni. Maji hayohayo yakiganda yanapasua mwamba vipande vipande, ndo pango linapatikana. Yaani maji yaliyotengeneza pango ndo wakawa wanayakinga nyuma ya nyumba.

Cliff Palace sasa, yaani ikulu ya gengeni, nayo ni moja ya nyumba hizo, vyumba kama 150, kiva 23. Kiva ni chumba cha duara kilichochimbwa chini, unashuka kwa ngazi kupitia paa, moto katikati, moshi unatokea hapohapo ulipoingilia, hewa inakuja kwa kitundu cha pembeni na mbele yake kuna kaukuta ili upepo usisumbue moto. Mi nilisimama hapo muda mrefu kuliko kote, nilijenga kibanda cha jiko nyumbani moshi ulitushinda mpaka leo! Afu sakafuni kuna kashimo kadogo, sipapu, Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, wanasema ni alama ya pale watu walipotokea kuja dunia hii.

Hilo jina la ikulu si lao. Desemba 1888 wachunga ng'ombe wawili, Richard Wetherill na Charlie Mason, walipaona, ikaandikwa "wamepagundua", wakati Waute, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wanapajua. Ikaja na ile stori ya watu waliopotea kimaajabu. Wapi! Boriti za nyumba zile zina pete za mti, ukizihesabu unajua mti ulikatwa mwaka gani, na pete za miti ya eneo hilo zinaonyesha ukame mbaya kuanzia 1276 mpaka 1299. Mazao hayaji, watu wengi, ugomvi haukukosa, kufika 1300 hivi wameshahama kusini. Wajukuu zao ni Wahopi, Wazuni, watu wa Acoma na vijiji vya mto Rio Grande, wapo New Mexico na Arizona leo, wanalima mahindi, na kiva wanazo.

1891 akaja kijana wa Kiswidi, Gustaf Nordenskiöld, akachimba, akafungasha vyungu na mifupa ya watu. Wakamkamata mji wa Durango, wakamwachia maana sheria ya kumzuia haikuwepo, mzigo ukaondoka, ukaishia makumbusho ya Helsinki. Sheria ilikuja 1906, na hifadhi ikaanzishwa mwaka huohuo. Mwaka 2020 ndo Finland ikarudisha mabaki ya watu 20 na vitu 28 walivyozikwa navyo, na waliowazika tena kulekule Mesa Verde ni haohao wajukuu "waliopotea".

Eeh, dada pale anauliza tiketi. Zile nyumba za kuingia na renja nunua mapema mtandaoni, msimu wa joto zinaisha haraka. Spruce Tree House msiipangie, imefungwa tangu 2015, mawe yanadondoka, mnaitazama kwa mbali tu.