Deiwaka wa Kamera: Siku Moja Inauzwa Bei Gani?

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie wadogo zangu, mambo? Sogeeni mbele jamani, viti vya mbele havidai. (Kicheko.)

Mwenyeji wetu aliponipigia simu alitaka nije niseme kuhusu mafanikio. Nikamwambia, kaka, mimi ni mnasa sauti. Nina miaka 12 kwenye kazi hii, na mpaka leo ikifika Agosti mwenye nyumba wangu hunisalimia kwa sauti tofauti. Wa mafanikio mtafuteni mtu mwingine. Mimi nitasema juu ya siku. Siku moja, ile unayoiuza.

Deiwaka mnamjua. Dereva wa daladala akichoka, au akipata msiba, anamwachia mwenzake usukani kutwa nzima. Yule mwenzake hana gari, hana mkataba. Ana mikono yake na siku yake. Jioni anakabidhi hesabu ya bosi, kinachobaki ndicho chake. Sasa nenda kwenye tangazo dogo la biashara, au makala ya dakika 10 ya mradi wa maji, utazame waliopo: mpigapicha, mnasa sauti, mtu wa taa, mpambaji, kijana wa kubeba stendi. Wote deiwaka. Tofauti ni kwamba deiwaka wa daladala anaijua hesabu kabla hajawasha gari. Sisi wasomi tunapanda kwanza, bei tunaulizia njiani.

Mwaka wangu wa pili nilipigiwa simu na kampuni moja ya Dar es Salaam, jina niachieni mwenyewe. Tangazo la mbegu za alizeti, kupigwa Kongwa. "Siku moja tu, dada. Tutaelewana." Tukaondoka hapa Dodoma mjini saa 10 alfajiri. Picha ya kwanza ikapigwa saa 4 asubuhi, kwa sababu dairekta alitaka maua yote yatazame kilima, na kilima kiko magharibi. Alizeti ikishakomaa hubaki imeelekea mashariki. Tulizunguka mashamba mawili kabla ya mzee mwenye shamba la tatu kumweleza, kwa upole kabisa, kwamba ua halipokei amri. (Kicheko.) Saa 8 mchana mvua ikashuka, tukakaa ndani ya gari mpaka jioni. Nyumbani nilifika saa 5 usiku. Kesho yake tukarudia.

Nililipwa siku moja. Baada ya miezi minne, kwa vipande vitatu, kwa simu.

Nilikasirika, nikawasema kwa kila mtu. Hasira ilipopoa nikajiuliza hawa watu wamevunja nini hasa. Hatukuandikiana kitu. Kwao siku moja ilikuwa "mpaka kazi iishe". Kwangu ilikuwa asubuhi mpaka jioni. Kila mmoja alikuwa na siku yake kichwani, na mwenye pesa ndiye aliyetumia ya kwake.

Tangu hapo, kabla sijataja bei, naieleza siku. Siku yangu inaanza ninapotoka mlangoni kwangu, si kamera inapowaka. Ina saa 10, chakula kikiwamo. Saa ya 11 ina bei yake. Tukilala nje ya mji, malazi ni yako wewe uliyeniita. Ukiahirisha usiku wa kuamkia kazi unanilipa nusu, maana kuna mwingine nilishamkatalia kwa ajili yako. Watu wengi wakisikia hivyo hawanuni. Wanaonuna ni wale ambao wangekudhulumu, na ni vizuri wanune mapema.

Mtasema dada, nani atasaini mkataba kwa kazi ya siku moja? Kweli, wachache. Mimi nafanya hivi: tukimaliza kuongea kwenye simu, namwandikia ujumbe. "Kama tulivyozungumza, tarehe fulani, saa kuanzia hizi mpaka hizi, bei hii, nusu kabla, nusu siku tatu baada ya kazi. Nithibitishie." Akijibu "sawa", mimi nimepata karatasi yangu. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na inatambua maandishi ya namna hiyo. Sijawahi kumpeleka mtu mahakamani. Lakini nimeshawahi kumrudishia mtu ujumbe wake mwenyewe, bila kuongeza hata neno, na pesa ikaingia jioni ile ile.

Sasa bei. Hapa ndipo vijana wengi mnaniuliza, "Dada, wenzetu wanatoza ngapi?" Swali hilo lina kasoro, kwa sababu mwenzako labda anakaa kwa mama yake. Anza na kwako. Tuseme nyumba, chakula, bando, nauli na mdogo wako anayesoma vinakula 900,000 kwa mwezi. Weka 150,000 ya vifaa, maana waya hukatika na betri huzeeka. Ni 1,050,000. Haya, unauza siku ngapi kwa mwezi? Usinitajie mwezi wako mzuri. Chukua mwaka mzima, gawa kwa 12. Wengi wetu tukisema kweli ni siku sita. Basi siku yako ni 175,000, na hapo hujaweka akiba wala hujaugua.

Na huipati yote. Kampuni ikikulipa kwa huduma inakata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwa hiyo ili upate 175,000 mkononi unataja kama 185,000. Ile asilimia 5 haijapotea. Ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema, na inahesabiwa kwenye hesabu zako za mwaka ukiwa na hati ya zuio. Niliacha kuidai hati hiyo miaka mitatu mfululizo kwa aibu tu, nikiona kama nasumbua watu wa uhasibu. Idaini. Na TIN, yaani namba yako ya mlipakodi, inatolewa bure.

Mwezi wetu hapa Dodoma nao si kama mwezi wa Dar. Kule kuna matangazo ya bia, ya simu, ya sabuni. Huku mteja mkubwa ni Serikali na wanaoizunguka: wizara kule Mtumba, taasisi, miradi, mashirika. Na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Bunge la Bajeti linaanza Aprili, kila idara inataka makala ya mafanikio yake, na fungu lisipotumika linarudi. Mei na Juni utapigiwa simu tatu kwa siku moja. Halafu inakuja Julai. Bajeti ni mpya, pesa hazijashuka, upepo unavuma, na simu iko kimya mpaka unaipiga mwenyewe kuona kama ni nzima. Mgogo analima kwa mvua ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na uwele wa msimu huo ndio unaomvusha mwaka. Mimi msimu wangu ni Mei na Juni. Mwaka nilionunua maiki mpya mwezi wa sita nililala njaa mwezi wa nane, na maiki haichemki sufuriani.

Kuna jambo la treni niliseme kwa haraka. Tangu SGR ianze kufika huku mwaka 2024, timu ya Dar inapanda asubuhi, inafika kwa chini ya saa nne, na jioni inaweza kulala kwao. Kuna waliosema ndiyo mwisho wetu. Mimi naona imegawanyika. Kazi kubwa wanakuja na watu wao wote. Kazi ndogo, prodyuza anapanda na dairekta na begi moja la kamera, wengine anawatafuta hapa. Anayewapata ni yule ambaye namba yake inapokelewa.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana nisipoisema sauti nitakuwa nimeisaliti ofisi. (Kicheko.) Dodoma ni mji wa upepo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba maiki isiyo na koti la manyoya utaleta nyumbani ngurumo tupu. Sifongo nyeusi inayokuja na maiki inafaa chumbani, nje haifai kitu. Ukimbana waziri maiki shatini, ifiche chini ya kola, mgongo wake uukabe upepo. Wadogo zangu wa kamera nao: umeme wetu ni hezi 50. Taa za ofisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni. Ukiwa umeiweka kamera kwenye fremu 30 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/60 ya sekunde kwa sababu ulijifunzia kwenye video za Wamarekani, utapata mistari inayotembea usoni kwa Katibu Mkuu. Weka fremu 25, shata 1/50. Na mapema Oktoba na mapema Machi jua letu la saa 6 linasimama utosini kabisa, macho ya mtu yanakuwa mashimo. Mwambieni dairekta mahojiano ya nje ni kabla ya saa 3 au baada ya saa 10. Akikataa, mpeleke chini ya mbuyu.

Kisha kuna kitu naitia mkazo mpaka wananichoka. Kila mahali mnapopiga, kabla hamjakunja waya, omba nusu dakika ya watu wote kunyamaza, unase sauti ya mahali. Ofisi ina mvumo wake, shamba lina wake. Mhariri akikata neno katikati ya sentensi, pale palipokatwa panabaki shimo, na shimo hilo linazibwa kwa sauti ya mahali pale pale, si ya pengine. Ni sekunde 30 tu. Lakini waambie watu 12 wenye njaa wanyamaze sekunde 30 uone watakavyokutazama.

Vibali nitapita juu juu. Bodi ya Filamu inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na kibali cha kupiga picha ni kazi ya prodyuza, si yako. Kazi yako ni kuuliza kiko wapi kabla gari halijaondoka. Droni ina mlolongo wake wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mji huu una majengo ambayo hutaki uonekane unayazungushia droni kwa kubahatisha. Kijijini, anza kwa mtendaji. Nimeona timu yenye barua ya wizara ikikaa chini ya mti kutwa nzima kwa sababu hakuna aliyekwenda kumsalimia mwenyekiti.

Nadhani kuna mkono pale. Ndiyo, kaka mwenye fulana ya bluu.

(Swali: Dada, sisi tunaoanza tukikomalia bei hivyo, wateja wa huku hawana pesa. Si bora kufanya bure kwanza, watufahamu?)

Asante. Nimeshafanya bure, na nitafanya tena: ya rafiki, ya msikiti wa mtaani, filamu fupi ya mtu ninayemwamini. Bure ya kuamua mwenyewe haina shida. Ila ile bure ya "kazi nyingi zinakuja", hizo nyingi anapewa mwingine, mwenye bei. Wewe umeshaandikwa kichwani mwao kama yule wa bure. Na hilo la huku hawana pesa, ngoja nikupe kisa, halafu tuwaachie wenyeji ukumbi wao.

Tulikwenda kijiji kimoja wilaya ya Chamwino, makala ya taasisi fulani. Prodyuza alitaka ngoma ya muheme. Mnaijua, ni ngoma ya akina mama wa Kigogo, mpigaji anaibana katikati ya magoti. Wakaja akina mama saba na bibi mmoja mkubwa wao, wamependeza. Kamera ikawekwa, mimi nikawasha rekoda. Prodyuza akasema, haya bibi, tupigieni.

Bibi akaweka ngoma yake magotini, akakunja mikono kifuani.

"Mwanangu," akasema, "tukikupigia hapa, jua hili limetupita, shamba halijapaliliwa. Nani analilipia jua?"

Prodyuza akajibu, "Tutaelewana, bibi. Na soda zipo."

Bibi akatabasamu vizuri kabisa. Mikono hakuikunjua. Wale saba nao wakakunja ya kwao. Mpigapicha akanitazama, mimi nikatazama chini, kwa sababu hata mimi asubuhi ile nilikuwa sijalipwa kitangulizi, na nilishaunganisha waya zote. Prodyuza akazunguka, akapiga simu, akazunguka tena. Mwisho akaenda garini, akarudi na bahasha. Bibi akahesabu. Akampa mwenzake, naye akahesabu. Ndipo akaishusha mikono.

Rekoda ilikuwa inawaka muda wote ule. Dakika 22: upepo kwenye mtama, kuku, mtoto analia mbali, na watu wazima 13 hawasemi kitu. Ninazo mpaka leo kwenye diski yangu. Sijawahi kunasa sauti ya mahali iliyo safi kama ile.