Bega au Mguu: Kumtetea Msomaji Anayehesabu

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami nitaendelea kulisema maadamu wapo wanaomwona msomaji anayegundua mikinzano katika mifululizo ya riwaya za upelelezi kuwa ni mtafuta ila asiyejua kufurahia hadithi. Msomaji huyo anasoma vile vile alivyofundishwa na vitabu vyenyewe. Mpelelezi anayemzoeza rafiki yake kutazama, awe ni Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle kwa Daktari Watson au Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla kwa Najum, anamzoeza na msomaji pia. Basi mwanafunzi akianza kutazama kwa makini, ni haki gani kumkaripia?

Nianze na jeraha la Daktari Watson. Waliokwisha kulichoka wanivumilie, kwa kuwa sijapata mfano ulio bora kuliko huu.

Katika riwaya ya kwanza ya Sherlock Holmes, iliyotoka mwaka 1887, Watson anasimulia kwamba alipigwa risasi begani katika mapigano ya Maiwand, Afghanistan, na mfupa wake ukavunjika. Baadaye anakutanishwa na Holmes, naye Holmes, mara tu baada ya kumsalimu, anamwambia kwamba anaona ametoka Afghanistan. Watson anastaajabu. Holmes anapokuja kufafanua alivyojua, anataja ngozi iliyobabuliwa na jua, uso wa mtu aliyeugua na kupata taabu, na mkono wa kushoto ambao mwenyewe anaushika kwa ukakamavu usio wa kawaida. Nawaomba mkae na mkono huo kidogo. Hilo ni onyesho la kwanza kabisa la akili ya Holmes mbele ya Watson, na mojawapo ya nguzo zake ni bega lililoumia.

Sasa fungueni riwaya ya pili, ya mwaka 1890. Watson ameketi akiuguza mguu. Anatuambia kwamba risasi iliupenya na kwamba, ingawa haimzuii kutembea, mguu humuuma kila hali ya hewa inapobadilika. Bega halitajwi. Kisha, katika hadithi fupi ya mwaka 1892, risasi ile ile inatajwa kuwa iko katika kimojawapo cha viungo vyake, bila kusemwa ni kipi. Wapo mashabiki waliojaribu kumwokoa mwandishi kwa kudai kwamba Watson alipigwa mara mbili. Nawaheshimu kwa mapenzi yao, lakini siwezi kuwafuata, kwa sababu askari aliyepigwa risasi mbili hasahau moja anapolisimulia jeraha lake.

Nitaambiwa, na nimeambiwa mara nyingi hata nimechoka, kwamba hii ni hadithi tu, na kwamba bega au mguu haumbadilishi muuaji. Kweli haumbadilishi muuaji, ila unaligusa jambo kubwa zaidi, yaani imani ya msomaji. Katika riwaya ya mapenzi mwandishi akibadilisha rangi ya pazia, amebadilisha rangi ya pazia, basi. Katika riwaya ya upelelezi pazia lile linaweza kuwa ushahidi, na msomaji hana njia ya kujua mapema kama limebadilishwa na muuaji au limesahauliwa na mwandishi. Msomaji mwangalifu akikutana na mguu pale alipotarajia bega, jambo la kwanza analofanya ni kushuku kwamba Watson anadanganya, au kwamba huyu si Watson. Anafanya kazi aliyopewa, halafu anakuta hakuna kitu mwishoni mwake. Mtu aliyepotezewa juhudi kwa namna hiyo ana haki ya kunung'unika.

Pingamizi la pili, kwamba kosa lilitokana na jinsi hadithi zilivyochapishwa, nalikubali kwa sehemu. Riwaya ya kwanza ilitoka katika jarida moja, ya pili katika jarida jingine, na hadithi fupi zikafuata kuanzia mwaka 1891 katika jarida la tatu, kwa hiyo hapakuwa na mhariri mmoja aliyezishika zote mkononi. Wasomaji wa kwanza nao walingoja zaidi ya miaka miwili kati ya bega na mguu. Leo riwaya zote 4 na hadithi fupi 56 zimo ndani ya juzuu moja, na umbali wa miaka miwili na zaidi umekuwa kurasa chache. Kosa lilikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni namna ya kusoma, na mwandishi wa leo anayeanza mfululizo anajua kwamba atasomwa hivyo.

Tena si kweli kwamba Conan Doyle hakujali hesabu. Katika hadithi ya yule mwenye duka mwenye nywele nyekundu, Jabez Wilson analipwa pauni 4 kwa wiki na chama cha wenye nywele nyekundu ambacho baadaye kinaonekana kuwa mzaha, anafanya kazi kwa wiki 8, na analalamika kwamba mzaha ule umewagharimu waliomfanyia pauni 32. Nne mara nane ni thelathini na mbili, na hapo hesabu ni safi kabisa. Lakini tangazo lililomvuta Wilson ni la tarehe 27 Aprili 1890, na karatasi inayotangaza kuvunjwa kwa chama ni ya tarehe 9 Oktoba mwaka huo huo, yaani siku 165 baadaye, ambazo ni zaidi ya wiki 23. Aidha Holmes anasema siku hiyo ni Jumamosi, ilhali tarehe 9 Oktoba 1890 ilikuwa Alhamisi. Mkono mmoja umehesabu fedha vizuri na mwingine haukuitazama kalenda, katika hadithi ambayo benki inaokolewa na mtu aliyetazama magoti ya suruali ya karani wa Wilson!

Mwaka 1911 mwandishi Mwingereza Ronald Knox alisoma huko Oxford mhadhara uliozichambua hadithi hizi kama wanazuoni wanavyochambua Maandiko. Nia yake ilikuwa kuwakejeli wahakiki wa Biblia wa wakati wake, lakini mtu yule yule, mwaka 1929, alitoa kanuni kumi za riwaya za upelelezi, mojawapo ikiwa kwamba mpelelezi asipate kidokezo bila kumwonyesha msomaji papo hapo. Sioni ajabu kwamba aliyehesabu makosa ndiye aliyekuja kudai haki.

Muda unaniishia, kwa hiyo mwandishi Agatha Christie nitampitia haraka. Mpelelezi wake Hercule Poirot alikuwa amekwisha kustaafu upolisi katika riwaya ya mwaka 1920, na mwaka 1972 bado anapeleleza. Hata tukimpa miaka 55 tu mwanzoni, amefika 107. Mwandishi mwenyewe alikiri katika tawasifu yake kwamba alikosea kumwanzisha akiwa mzee. Hili nalisamehe, kwa kuwa hakuna hoja ya kipelelezi iliyojengwa juu ya umri wake. Kanali Bantry, mhusika wa riwaya zake nyingine, ni habari nyingine: katika riwaya ya mwaka 1962 amekwisha kufa, na katika ile ya mwaka 1976 yu hai, kwa sababu mswada huo uliandikwa miaka mingi kabla, ukawekwa akiba. Mstari mmoja wa mhariri mwanzoni mwa kitabu ungetosha. Mwandishi Mmarekani Sue Grafton, kinyume chake, alichapisha mfululizo wake kuanzia 1982 hadi 2017 huku mpelelezi wake akiishi ndani ya miaka ya 1980 tu. Alichagua kalenda akaishika.

Nilikusudia kuzungumzia pia wachapishaji wanaorekebisha kimya kimya maandishi ya waandishi waliokwisha kufa. Nalipinga jambo hilo kabisa: bega libaki bega na mguu ubaki mguu, na maelezo yawekwe pembeni. Sababu zangu nitazitoa katika maswali, kama mtaniuliza.