Piny Owacho: Waliomba Rais, Wakapewa Vyoo

Mabibi na mabwana, mlionisikia kabla ya leo mnajua nitaanzia wapi. Naam, Lundha. Kila nikialikwa kuzungumzia ugatuzi nakuta aliyenitangulia ameshasema serikali za mashinani tulizipata kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na aliyezidai. Hapo ndipo damu hunichemka.

Tarehe 23 Desemba 1921, Lundha, huko Gem, Nyanza. Waliouitisha mkutano ni walimu na vijana waliosomea shule ya misheni ya Maseno: Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor, Simeon Nyende na wenzao. Nchi imegeuzwa koloni mwaka mmoja tu uliopita. Kipande, kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba, kinaning'inia shingoni, kodi imepanda, kambi za kazi ya shuruti zimejaa. Mkutano ukapewa jina Piny Owacho, yaani nchi imesema. Hebu lionjeni jina hilo. Si chifu aliyesema, maana chifu wa siku zile aliwekwa na serikali na serikali ikimchoka ilimwondoa. Si DC, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni. Ni nchi!

Madai yao mliyakariri shuleni: kipande kifutwe, kodi ipunguzwe, watu wapewe hati za ardhi. Lakini lipo moja ambalo vitabu hulipita mbio kama basi lililokosa kituo. Walitaka Nyanza iwe na baraza lake la kutunga sheria, na rais Mwafrika, tena wa kuchaguliwa. 1921, jamani! Walowezi wenyewe walikuwa wamepiga kura ya kwanza ya Legco, baraza la kutunga sheria la koloni, mwaka 1920. Watu wa Lundha walikuwa nyuma yao kwa miaka isiyofika miwili.

Naona mtu pale nyuma anatabasamu. Najua swali lako: vijana wa misheni walimwakilisha nani? Haya, nami nakuuliza, chifu alimwakilisha nani? Mlowezi aliyeketi Legco akiamua kodi ya mtu wa Gem, yeye je? Ajabu ni kwamba swali la uwakilishi huulizwa upande mmoja tu.

Gavana wa koloni, Northey, alikutana na watu wa Lundha huko Nyahera mwaka 1922. Kambi zikafungwa, kodi ikateremshwa. Kuhusu rais, kimya. Mwaka 1923 mmisionari Walter Edwin Owen akashika usukani, na chama cha vijana wale wa Lundha kikawa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, jina la kikoloni la Nyanza. Rais akapatikana, lo! Rais wa chama, na ni Owen mwenyewe. Wanachama wakaahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kuacha ulevi. Msinielewe vibaya, tauni haikuwa mchezo na choo ni kitu chema. Owen naye aliwapigania Waafrika kwa kalamu hadi walowezi wakamchukia. Lakini mtu akikuomba kiti mezani, huwezi kumpa fagio ukamwambia ni kitu kilekile.

Ndipo ikaja sheria ya 1924 na Mabaraza ya Wenyeji. Wajumbe wengine walitokana na watu, wengine waliteuliwa, na mwenyekiti akawa... semeni wenyewe. DC! Baraza liliweza kutoza ushuru wake na kujenga shule, nami nilitaka kuwaeleza jinsi wazee walivyougeuza ushuru huo kuwa silaha, lakini mwenyekiti wetu ananionyesha saa. Basi Wakikuyu nitawagusa tu: Harry Thuku alikamatwa Machi 1922, watu wakapigwa risasi Nairobi, na chama cha KCA (Kikuyu Central Association) kilichofuata kikadai chifu mkuu aliyesoma na anayechaguliwa na wengi. Tazameni, milima na ziwa vilikuwa na dai moja. Pwani nitaiacha, mnisamehe.

Waafrika wa kwanza kuchaguliwa Legco walikuwa 8, Machi 1957. Kutoka Lundha hesabuni wenyewe.

Sasa maswali. Ila lisiwe lile la 2010.